Mto Una Oganiki

Kazi yangu ni kuvizia mvua. Wenzangu wa mjini, mtaa wa Kaloleni, wakianza kuanua nguo, mimi navaa mabuti ya mvua na kupanda mlimani na chupa zangu. Siku za jua mto unaficha mambo yake. Mvua ikipiga ndipo unapozoa kila kilicholala kando yake: samadi, maganda ya kahawa, majani ya migomba, na vya chooni. Vitu hivyo vikioza vinamaliza hewa iliyomo majini, nami hupima hewa iliyobaki. Kazini tunauita uchafu wa oganiki, na neno hilo ndilo lililoniponza.

Mto mmoja ninaoupima unapita chini ya shamba la mama. Tumbo lilikuwa limemsumbua sana, akaamini ni dawa ambazo majirani wanapulizia nyanya zao, basi akaacha kuchota mtoni. Akawa anapanda mpaka bomba la kanisani na ndoo kichwani, ingawa magoti yake ni mabovu. Vuli ilipoanza nikaja kupima, akaniuliza nimeona nini. Nilikuwa nimelowa, nina njaa, sina hamu ya maelezo.

"Dawa sipimi mimi, mama. Ninachoona humo ni oganiki, tena nyingi mno."

Alifurahi. Nilishangaa alivyofurahi, ila nilikuwa nawaza ndizi zilizokuwa jikoni.

Mvua iliyofuata nilirudi. Pale mtoni jirani yetu alikuwa anajaza madumu.

"Asante kwa kutupimia, mwanangu," akaniambia. "Mama yako ametutangazia baada ya ibada. Kumbe mto wetu una oganiki!"

Nilimaliza kupima. Nilipanda njia ya nyumbani nikilirudia neno lile, mpaka nikaanza kulisikia kwa masikio yao. Miaka yote mabwana shamba wamekuja huku wakihubiri oganiki, au kilimo hai: kahawa isiyo na dawa, kahawa inayosifiwa na wageni. Huku kwetu neno hilo ni sifa, basi. Nilikuwa nimeusifia mto.

Nyumbani, pipa lilikuwa limejaa maji ya mto na mama alikuwa anakunywa kikombe kizima.

"Shikamoo mama. Hayo maji umeyachemsha?"

"Marahaba. Niyachemshe ya nini? Si wewe uliyesema ni oganiki?"

Nikajaribu kumweleza. Nikasema oganiki ni mabaki ya vitu vilivyo hai.

"Hai? Si ndiyo hiyo kilimo hai?"

Nikasema ndiyo, hapana, siyo hiyo. Nikasema samadi. Akasema samadi ndiyo inayolisha kahawa yake. Ni kweli, inalisha. Sasa inakuwaje kitu kile kile kiwe baraka shambani na balaa mtoni? Nilikuwa nalijua jibu asubuhi ile, naapa, lakini mbele ya mama lilinitoka kabisa. Nilichanganyikiwa mpaka nikataka kulia, na mimi nikitaka kulia huwa nafoka.

"Mama, ni mavi!"

Mama ni mzee wa kanisa. Neno hilo halijawahi kutamkwa kwenye meza ile. Alitua kikombe polepole, akaniangalia.

"Ya nani?"

Mchana ule nilikuwa nimepima mto mara mbili, kabla haujafikia shamba letu na baada ya kulipita. Juu, hewa ilitosha; chini, ilikuwa karibu kwisha. Nikageukia dirishani. Mteremkoni, kati ya nyumba na mto, maji ya mvua yalikuwa yakitoka zizini, yakizunguka choo chetu cha shimo na kushuka mtoni. Mama alifuata macho yangu.

"Na mimi nimewatangazia kanisani," akasema.

Akajitanda khanga, akatoka na mvua yote ile kwenda kwa jirani wa madumu. Nilimtazama akishuka kwa magoti yake mabovu, nami sikujua atatumia neno gani.