Jina la Donato Lilikotoka

Mtengeneza jibini wetu hapa mlimani Lucania ni Donato Lasala, na kwa ubishi hana mwenzake. Mke wa mwanawe, Loredana, alipokaribia kujifungua, Donato alikuwa keshatangazia kijiji kizima kwamba mjukuu ataitwa Donato. Ndiyo desturi, mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba.

"Sawa, baba," Loredana akamwambia mbele yangu, huku akitafuna pilipili kavu za kukaanga. "Jina zuri, la Kilatini, maana yake aliyetolewa zawadi. Lakini kwa desturi hiyohiyo wewe ungeitwa Rocco, kama babu yako. Mbona hukuitwa? Niambie lilikotoka, nami nitampa mwanangu."

Donato akanywea. Maskini, hilo ndilo lililomkereketa tangu utotoni. Aliamini wazazi wake walimdharau babu kwa kumnyima jina, na babu akamchukia yeye. Maana mzee Rocco hakumwita Donato hata siku moja. Alimwita Ngano. "Wewe Ngano, njoo hapa!" Sisi watoto tukacheka mpaka mbavu zikauma.

"Twende kwa shangazi yako Incoronata," nikamwambia. Mimi ni jirani tu, lakini kwa umbea sijambo.

Tulimkuta shangazi mlangoni akipukuchua maharage.

"Lo! Mvi zote hizo ndipo unauliza?"

"Nilimwuliza baba, akaninyamazia."

"Angesemaje? Kabla yako walizaliwa wawili. Wa kwanza aliitwa Rocco, akafa. Wa pili akapewa jina la marehemu, si ndivyo tulivyokuwa tukifanya? Naye akafa. Ukaja wewe, degedege likakushika hata hujabatizwa. Babu yako akasema, 'Huyu msimpe jina langu. Mpelekeni kwa Mtakatifu Donato.'"

Basi nikaelewa. Mtoto wa degedege huwekwa kwenye mizani kanisani kwa mtakatifu huyo, na ngano ya uzito wake hutolewa sadaka.

"Ngano ilikuwa ya nani?" Donato akauliza.

"Ya babu yako, ya mbegu! Mwaka ule hakupanda kitu. Alimimina kwa kopo, analia huku anamimina, na mizani haisogei. Ulikuwa mnono, mjinga wewe!"

Donato akacheka, kisha akalia, mzee mzima, mbele ya maharage ya watu. Nami nikalia, kwa aibu ya vile vicheko vyetu.

Jioni Loredana alisikiliza yote, mkono uko tumboni.

"Basi yamekwisha, baba. Huyu ni Donato."

"Hapana, mwanangu." Sikuwa nimepata kumsikia akiachia kitu. "Mwite Rocco. Tangu babu avue jina lake kwa ajili yangu, nyumba hii haijamwita mtu kwa jina hilo."