Mgeni wa Jicho la Kushoto

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize. Mimi ni mtafiti wa pamba hapa Bariadi, na zamani mtu akianza habari za uchawi nilikuwa nanyanyuka natoka nje. Lakini hili lilinikuta mchana kweupe, ofisini, na mama yangu ni shahidi. Yupo kijijini Nkoma, mzima wa afya, nenda kamuulize. Ila usimwombe kitu.

Nianze na Elikana. Tulisoma chuo kimoja, tukala sahani moja. Alipofiwa na mdogo wake, mimi ndiye niliyesafiri naye hadi Mbeya kuzika. Alipopata kazi ya utafiti Ulaya nilishangilia kama nimepata mimi. Baadaye mradi wao ukatuletea skrini ya 3D ili tuchunguze mimea pamoja, yeye kule, mimi huku. Iko hivi: kwao kuna kamera mbili, kama macho mawili. Ukivaa miwani yake, jicho la kushoto linapata picha ya kamera moja, la kulia picha ya nyingine. Zikiungana, unamwona mtu amekaa mezani kwako kabisa, ana unene wake, ana mabega. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono nimsalimie, niamini.

Tulikuwa tunachunguza pamba ya mama. Ana kipande cha shamba ambacho funza wa vitumba hawakigusi. Majirani wanapuliza dawa na bado wanalia, mama anavuna. Mbegu alirithi kwa bibi, na pamba hiyo ndiyo iliyonisomesha. Nilimwahidi kwamba utafiti ukikamilika, pamba itaitwa kwa jina lake. Elikana naye akaapa. "Dada, mama yako ni mama yangu."

Kisha akasema anataka ruhusa kutoka kinywani mwa mama mwenyewe. Nikaona ni heshima. Ningeonaje vingine? Mama akaja na basi la asubuhi, kavaa kitenge cha kanisani, mkononi matawi ya pamba yenye vitumba vilivyopasuka vyeupe. Tukayalaza mezani, mbele ya skrini.

Nilikuwa bado nafuta miwani atakayovaa mama, Elikana akamsalimia.

"Mwangaluka, mayu."

Yaani habari za asubuhi, mama, kwa Kisukuma cha ndani, kama mtu aliyechunga ng'ombe Nkoma. Mtu wa Mbeya huyo! Nikadhani amejifunza ili atufurahishe. Mama akaitikia, uso umechanua.

"Mayu, naomba pamba yako."

"Chukua tu, mwanangu," mama akasema, kama mama yeyote wa huku anavyomwambia mgeni.

Ndipo nikamvisha miwani. Mama ana jicho moja, la kulia. La kushoto lilitemewa sumu na nyoka swila akiwa shambani. Akatazama, akatazama tena.

"Sasa mbona unanifanya nisalimiane na kiti?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba kwa jicho moja atamwona bapa, kama kwenye televisheni, lakini atamwona tu.

"Nina chongo, sina kichaa," akanijibu kwa hasira. "Hicho ni kiti kitupu."

Ili nimthibitishie, nikavaa miwani yangu na kuziba jicho la kushoto kwa kiganja.

Jamani. Kiti, ukuta, saa ya ukutani inatembea. Mtu hakuna. Nikaziba la kulia: Elikana huyo hapo, anatabasamu, ameinama kuelekea kwetu zaidi kuliko meza yao inavyoruhusu. Na ameshika matawi ya mama.

Nikavua miwani. Matawi yalikuwa palepale mezani, vitumba vimepasuka vilevile, lakini pamba haimo. Maganda matupu. Mama akaingiza kidole ndani ya kimoja, akakitoa, akaniangalia.

Tukakimbilia Nkoma. Mistari imesimama kijani, hakuna funza hata mmoja, na kila kitumba kimefunguka hakina kitu. Majirani wakasema ni chuma ulete, ule uchawi wa kuhamisha mavuno ya mtu yaende kwa mwingine. Safari hii sikunyanyuka kutoka nje.

Elikana hakupokea simu zangu. Siku moja akatuma picha kwenye kundi letu la chuo: amesimama katikati ya shamba jeupe, nchi ya mbali, na ile pamba ameipa jina lake mwenyewe. Wenzetu wakampongeza. Nikapiga na kupiga mpaka akapokea. Nililia, sifichi. Nikamuuliza nilimkosea nini. Akanijibu kwa upole, kwa sauti ileile ya mtu niliyekula naye sahani moja:

"Dada, mama mwenyewe si alisema nichukue?"

Akakata simu.

Mpaka leo mama anapanda mbegu zilizobaki ndani. Zinaota vizuri, zinachanua, zinafunguka tupu. Hajanilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniumiza. Mgeni akiomba maji, mama anayaleta, anayaweka chini, anaingia ndani bila kusema kitu. Hata wanangu wakimwomba karanga anazimwaga kwenye ungo na kugeuka pembeni. Neno lile hatalitamka tena.

Na wewe unayeongea na watu kwenye skrini, sikiliza. Hata awe rafiki uliyezika naye, ziba jicho moja umwangalie, kisha ziba na la pili. Na usimwache mama yako amjibu mtu ambaye hajamwona. Mimi nilikuwa nafuta miwani.