Alama ya Penseli kwenye Ufa

Kosa langu kubwa, na ninayo mengi, ni kumdanganya fundi kwa raba ya shule. Juzi huko Nkubu niliwaona vijana wakikagua jengo kwa vifaa vya mkononi, kimoja cha unyevu, kingine cha kupima nyufa, nikakumbuka chumba cha nyanya yangu siku fundi alipokuja kukagua ufa ukutani, nikiwa bado mwanafunzi.

Kilinuka moshi na udongo mbichi. Timazi ya fundi, ule uzi wenye chuma kizito mwishoni, iligongagonga ukuta. Ikaonyesha umeinama kidogo tu. Pima maji nayo ikasema sakafu iko sawa. Basi akachora alama ya penseli pale ufa ulipoishia.

"Ufa ukipita hapa, nyanya, mtahamia kwa binti yako kule Kiambere."

Mimi, mtu wa kukaa nyumbani tangu kuzaliwa, nilidhani alama ndiyo itakayotufukuza. Ufa ulipoipita, niliifuta, nikachora nyingine mbele. Fundi aliporudi aliridhika. Mvua ilikuja, ukuta ukamwangukia nyanya, na hakutembea tena mpaka tukamzika.

Wiki hii nilimweleza jirani yetu, Mama Kinoti. Hakuacha kuchambua maharagwe.

"Wacha kujipa ukubwa. Nyanya yako alikuona ukifuta, aliniambia mwenyewe. Alinyamaza kwa sababu hata yeye hakutaka kuhama."