Mtoto wa Mbwa Aliyenyamaza

Harufu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hainiachi mpaka leo. Inapoanza kuchachuka hutoa utamu wenye ukali ndani yake, kama tunda lililosahauliwa juani, na vijinzi huizunguka mpaka jioni. Mimi siinywi. Watu wa Butembo wanayaona malori yangu, wanaliona ghala langu la mtaa wa Vulamba na nyumba ya ghorofa niliyoijenga mimi mwenyewe, mtu aliyeishia darasa la nne, wanasema huyu tajiri hanywi kwa ubahili. Wengine wanasema ameokoka. Nawaacha waseme. Sababu yangu ni mtoto wa mbwa.

Tuliishi Eringeti, pale mashamba yanapokutana na msitu. Uhuru ulikuwa umekuja, na nyuma yake ukaja uasi. Leo barabarani walipita waasi, kesho askari, na wote walidai kuku kwa namna moja. Baba yangu, Papa Masika kama walivyomwita kwa jina la dada yangu mkubwa, alikuwa mwindaji, lakini sifa yake haikuwa mkuki, ilikuwa mkono. Watu walitoka mbali hata Beni kumletea watoto wa mbwa awapime. Alimwinua mmoja kwa ngozi ya shingo na kumwacha akining'inia. Kisha alimlaza chali, kiganja juu ya kifua, kimya, kama anayesikiliza redio iliyo mbali. Mwisho aligonga sufuria nyuma ya masikio yake. Anayelia akining'inia atamkimbia nguruwe. Anayeuma mkono ni mwenye haraka, hatazeeka. Anayetulia, akageuka kutazama sauti imetoka wapi, huyo ndiye. Nyota njema huonekana asubuhi, na baba aliiona kwa vidole.

Msimu ule mbwa wetu pekee alizaa, kisha nguruwe akamuua, na baada ya majirani kuchukua wa kwao walibaki watoto wawili. Wangu alikuwa mweusi mwenye mguu mmoja mweupe, mlafi, mwenye makelele, nilimwita Komanda. Wa Masika alikuwa jike jekundu, Vumilia. Ndipo habari zikaja kwamba mapigano yanashuka upande wetu. Baba akasema tutajificha msituni, na kwamba mbwa atakayekwenda nasi ni mmoja tu, yule anayejua kunyamaza, kwa sababu mlio mmoja ungetumaliza wote. Mwingine atabaki na bahati yake. Atawapima asubuhi. Nilimjua Komanda wangu. Asingepita.

Basi asubuhi, mama akiwa anafunga mizigo, nilienda nyuma ya jiko kwenye mtungi wake wa kasiksi, nikachovya kitambaa. Komanda alikinyonya kama titi. Nikachovya tena, na tena. Baba alipomwinua, alining'inia kama nguo iliyoanikwa. Sufuria ikalia, akageuza kichwa polepole, kama mzee anayeitwa akiwa anakula. Baba akacheka kwa furaha. "Angalia huyu! Anatulia sawa chef wa bureau kwenye kiti yake!"

"Anafanana na mimi," nikasema, kifua mbele.

"Na wewe? Wewe uliyelia sindano mpaka munganga mwenyewe akakimbia?"

Tulicheka wote. Kisha akamshika Vumilia, naye akatoa mlio mdogo, mmoja tu. Masika akaruka. "Papa, lakini mukono yako iko baridi! Umetoka kunawa!"

"Askari naye atakuya na mukono ya moto?" baba akamjibu, akamweka chini. Masika aliinama juu ya Komanda, akanusa, akanitazama. Alifungua kinywa. Wakati uleule jirani akapiga kelele barabarani kwamba wamefika, na sote tukakimbia.

Komanda alilala mikononi mwangu njia nzima. Alasiri, tukiwa tumejibana kati ya mizizi ya mti mkubwa, pombe ilimtoka. Askari walikuwa wanapita kwenye njia ya chini, tunawasikia wakisema Kilingala, tunasikia hata harufu ya sigara zao. Komanda aliinua kichwa, akanguruma, akabweka mara moja. Wale askari wakanyamaza. Baba alimchukua kwangu bila kunitazama, akamlaza chali, akaweka kiganja kifuani na kingine juu ya pua, akabonyeza. Mguu ule mweupe ulipiga goti langu, ukapiga, ukaacha. Hatua za viatu zikaendelea, zikapotea. Baba hakuondoa mkono. Alibaki ameuweka pale muda mrefu, kama bado anapima.

"Batoto, munisamehe," alisema mwishowe. "Mukono yangu imenidanganya."

Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno yangu. Nikayameza.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imeporwa hadi milango. Vumilia alikuwa jikoni, ndani ya majivu, mbavu nje, kimya kabisa. Alipotuona alitikisa mkia bila sauti. Baba alimtazama yeye, kisha akautazama mkono wake. Tangu siku ile hakupima tena. Waliokuja na watoto wa mbwa vikapuni aliwaambia waende kwa mwingine, nao wakatangaza barabara nzima kwamba Papa Masika amekwisha. Mikuki aliining'iniza, akashika jembe, na jembe hakuwa analipenda. Miaka mingi baadaye, siku tuliyomzika, nilimuuliza Masika kwa nini hakusema. Akasema, "Nilikuwa nakungojea wewe."

Leo watu wanasema nina jicho. Namwangalia dereva akishuka tu kwenye gari na najua kama ataniangusha, na mara nyingi sikosei, ulizeni Butembo yote. Mwezi uliopita mlinzi wa ghala alileta watoto wa mbwa, wafanyakazi wakataka nichague. Nilimwinua mmoja kwa shingo. Akatulia. Wakapiga makofi, "Patron, huyu ndiye!" Mimi nilimsogeza usoni nikanusa kinywa chake. Yalikuwa maziwa tu. Hapo nikamweka chini.

"Mimi sijui kupima," niliwaambia. "Aliyejua ni baba yangu. Hakukosea hata siku moja."

Walitabasamu. Walidhani najisifu tena.