Misumari Kwenye Ukuta wa Udongo

Siku yangu ya kwanza kazini Iringa nilipewa nyundo, rula ya chuma, daftari lenye jalada gumu na kilo tano za misumari ya inchi sita, nikaambiwa nikapime mvua. Nilidhani wananitania. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi kijana wa Kinyakyusa kutoka Rungwe, nimetoka chuoni na suruali yangu ya pasi, na nilichofundishwa ni kwamba mvua hupimwa kwa kipimamvua, lile kopo la chuma lenye mdomo wa faneli na chupa ndani yake. Mkuu wa Kanda, ambaye ndiye bosi wetu, akasema kipimamvua kiko nyuma ya ofisi na nitakisoma kila saa tatu asubuhi. Misumari ni ya kupima mvua hiyo inafanya nini ikishafika chini.

Nyie vijana siku hizi mna jina refu la kazi hiyo. Mnakaa ukumbini na chupa za maji, mnasema ustahimilivu wa miji na maeneo ya urithi dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Sisi tuliiita kazi ya misumari. Naieleza hapa kwa sababu nimechoka kusikia kwamba zamani hatukujua. Tulijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachukua msumari, unauvisha washa, ile pete bapa ya chuma, unaupigilia ukutani mpaka washa iguse udongo, na kichwa kibaki nje. Mvua ikila udongo, msumari unazidi kutokeza. Unapima kwa rula, unaandika milimita. Misumari mingine niliipigilia kwenye kingo za makorongo nyuma ya nyumba za mtaa wa Mlandege, hapo mjini, maana wakubwa walitaka kujua mji utapoteza viwanja vingapi kwa mmomonyoko. Lakini mingi ilikwenda kwenye ukuta mmoja wa ngome ya zamani, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka mjini. Kijiji sitakitaja, wenyewe wanakijua.

Ukuta huo ulikuwa wa udongo mtupu juu ya msingi wa mawe, unene wake mtu mzima hawezi kuukumbatia. Ulikuwa umesimama tangu babu zao. Nyuma yake, mgongo kwa mgongo, kulikuwa na tembe, nyumba ndefu yenye paa bapa la udongo, na humo alikaa Bibi Sekinyaga. Yeye ndiye aliyeutunza ukuta, kama mama mkwe wake kabla yake. Nilipofika na nyundo alinisalimia kwa Kihehe, kamwene, akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia. Akacheka kwamba mla ndizi amekuja kuwafundisha wala ugali habari ya udongo. Halafu akaniruhusu. Aliniruhusu nipigilie misumari kwenye kitu ambacho watoto wake mwenyewe walichapwa wakikipanda.

Kila mwaka, kiangazi kikikaribia kwisha, wanawake wa ukoo ule walikusanyika kuukandika ukuta. Walichanganya udongo wa kichuguu, mavi ya ng'ombe, majivu na majani yaliyokatwakatwa, wakaukanda kwa miguu, wakauacha ulale siku kadhaa mpaka unuke. Na ilikuwapo sheria. Mwanamke aliyeolewa karibuni hapandi ngazi. Anaanzia chini kabisa, kiunoni kushuka, ambapo matone yanarukia kutoka ardhini na kuula ukuta kwa pembeni. Anapiga kwa kifundo cha kidole kila hatua, anasikiliza. Pakilia wazi, kama mtungi mtupu, anapakwangua, anapajaza upya. Miaka mitatu au minne anafanya hapo tu, akiinama, mpaka ajue ukuta kwa mikono. Bibi alisema juu kila mtu anaona, ila nyumba huanguka kutokea chini.

Mimi nilipima mara mbili kwa mwaka. Mvua zikikatika nilipima zilichokula, na wanawake wakimaliza nilipima walichorudisha. Miaka miwili mizima. Na hapo ndipo nilipata kitu ambacho hakuna kitabu kilinipa: pale chini, mvua ilikula karibu unene wa kidole gumba kwa mwaka, na wanawake walirudisha unene uleule. Hawakuwa na rula wala mchoro. Mwaka wa pili mvua zilichelewa, kisha zikaja kwa hasira, mvua ya wiki inanyesha alasiri moja. Ukuta ukaliwa mara mbili. Wanawake wakakandika mara mbili. Hakuna aliyewaambia. Waliugonga, wakausikia.

Nikapeleka daftari kwa Mkuu wa Kanda nikiwa na furaha kama mtoto. Alikuwa mtu msafi, kalamu tatu mfukoni, Kiswahili chake cha mikutano. Alifungua, akapitisha kidole moja kwa moja mpaka safu ya mwisho, ile ya tofauti kati ya mwaka na mwaka, akakuta sifuri, sifuri, moja, sifuri. Akafunga. Akasema vizuri sana, ukuta hauliwi, ukuta ni imara. Nikamwonyesha safu mbili za kati, ya kilicholiwa na ya kilichorudishwa. Akasema hizo ni hesabu za njiani. Hesabu za njiani! Kazi ya mikono ya wanawake, miaka na miaka, mtu na kalamu zake tatu anaiita hesabu za njiani.

Kabla sijatulia nikapewa uhamisho wa Mbeya kwa mwaka mmoja, kupima mitaro inayoshusha maji ya mlima hadi mjini. Sikuzira. Ni kwetu, na kazi ilikuwa nzuri. Mbeya nilimpata Fundi Juma, mzee mwashi, babu zake watu wa pwani waliopanda na biashara wakabaki. Tulipokuwa tunakagua nyumba zilizoingiliwa na maji, alinipeleka kwenye nyumba ya udongo ambayo yeye mwenyewe aliipiga lipu ya simenti ujanani. Kwa mbele ilipendeza. Akagonga kwa mpini wa mwiko, pakalia wazi. Akachomoa kipande cha lipu kwa vidole, kikatoka kizima kama ganda la yai, na nyuma yake udongo ulikuwa uji.

"Udongo unakunywa maji na kuyatoa," aliniambia. "Ukiufunga kwa simenti, maji ya chini yanapanda, hayana pa kutokea. Ukuta unaoza umevaa koti. Kidogo tu nimuue mwenye nyumba hii, mwanangu, na alinilipa kwa kazi hiyo."

Mtu mzima anakiri kosa lake mbele ya kijana. Nimewatumikia mabosi tisa, sijamwona mmoja akifanya hivyo. Niliyaandika maneno yake yote.

Niliporudi Iringa nilikuta mambo yamekwisha kupangwa. Ukuta ulikuwa umetangazwa mali ya taifa, jambo ambalo mimi mwenyewe ningelishangilia. Lakini walipoutangaza waliweka uzio wa waya na kibao kinachokataza mtu kugusa. Mtu ni nani? Ni Bibi Sekinyaga. Kiangazi kile wakaza wana wake walifika na udongo wao umeshakandwa, wakafukuzwa na mlinzi. Mkuu wa Kanda alisema wanauchafua urithi wa taifa kwa mavi ya ng'ombe, wageni watakuja watasema nini. Badala yake mafundi walikuwa tayari wamekwishaitwa kuuvika wavu wa kuku na lipu ya simenti, kuanzia msingini hadi juu. Kilichokosekana ni taarifa ya kitaalamu, nayo ni yangu.

Niliandika taarifa ya kweli. Kurasa kumi na moja, kwa mkono, safu zote, na yale ya Fundi Juma. Mkuu wa Kanda aliisoma nikiwa nimesimama. Kisha akatoa karatasi nyingine kwenye droo, imepigwa chapa tayari, ukurasa mmoja. Ilisema vipimo vya miaka miwili vimeonyesha ukuta ni imara, hauhitaji matengenezo ya kienyeji, na lipu ya simenti itaukinga daima.

"Ndugu, muda wako wa majaribio unaisha mwezi huu," akasema. "Barua yako ya kuthibitishwa kazini iko hapa. Sijui nianze mimi kusaini hii au uanze wewe kusaini hiyo."

Nilisema lipu ile itaua mtu. Naapa nilisema. Akajibu kwamba mimi ni mtu wa misumari, mambo ya majengo niwaachie wahandisi. Nilikuwa na mke mjamzito na mdogo wangu shuleni. Mnaweza kunipa visingizio vyote hivyo, nami nimejipa miaka yote hii, havijanisaidia. Nilichukua kalamu. Yeye akaichukua ile taarifa ya kurasa kumi na moja pamoja na daftari, akavifungia, na sikuviona tena.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia. Aliyevunjika guu ni mwingine.

Masika ya kwanza ukuta ulisimama, ukang'aa, na Mkuu wa Kanda akapiga nao picha. Masika ya pili niliona ufa mwembamba pale chini walipokuwa wakianzia wakaza wana. Niligonga, pakalia wazi. Nikaandika barua, nikaambiwa ni ufa wa kawaida wa simenti. Nikamwomba Bibi ahamie kwa mwanawe. Aliniuliza kwa nini, na mimi, mwoga, nikasema ni kwa tahadhari tu. Akasema hajawahi kuukimbia ukuta ule, kwa nini aanze sasa unapopendeza.

Ulianguka mwezi wa tatu, saa tisa alasiri, mvua ikiwa imeshakatika na jua limetoka. Hata haukuliwa kidogo kidogo kama zamani, bali ulikatika kiunoni na kwenda chini mzima, mgongo wake ukavunja chumba cha nyuma cha tembe. Bibi alikuwa humo anachambua maharage. Vijana waliufukua udongo kwa majembe, ukawa unawachuruzika mikononi, wakaukuta umelowa kama uliokandwa siku hiyohiyo. Lipu ilibaki imesimama upande mmoja na wavu wake, haina kitu ndani.

Hakufa. Nyonga ilisagika. Walimpeleka hospitali ya Tosamaganga kwa machela hadi barabarani, kisha kwa gari la mtu, na kule walimhudumia kwa moyo wote, lakini hakusimama tena wima maisha yake yote. Mwanamke aliyewafundisha wenzake kuinama ili waje kupanda ngazi, alimaliza siku zake akitambaa.

Nilikwenda kumwona na ndizi, maana sikujua nibebe nini. Mkaza mwana wake alikuwa pembeni ya kitanda, akatoka bila kunisalimia. Nilimwambia Bibi kila kitu: safu mbili, Fundi Juma, karatasi ya droo, kalamu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilitegemea alie, au anitukane. Ningeshukuru angenitukana.

"Mikono yetu uliihesabu," alisema. "Miaka miwili ulikuja kwangu ukaihesabu. Mbona hukuitaja?"

Akageuza uso.

Uchunguzi ulifanyika. Ulisema mvua zilikuwa kubwa kupita kawaida. Mvua haina wakili, ndiyo maana kila mtu huitupia lawama, na naona mpaka leo mnaendelea nayo: daraja likivunjika ni tabianchi, mtaro uliozibwa kwa takataka ukifurika ni tabianchi. Mbingu zimebadilika, sikatai, nilizipima mwenyewe zilipoanza kubadilika. Lakini ule ukuta ulishastahimili mvua mbaya. Haukustahimili wakubwa. Mkuu wa Kanda alipandishwa cheo akaenda makao makuu. Mimi nilithibitishwa kazini, nikatumika miaka ishirini na minane zaidi, Mbeya, Njombe, Iringa tena, nikastaafu nikapewa saa ya ukutani na hotuba.

Mwaka jana alikuja hapa nyumbani binti mmoja mtafiti, Neema, mpole, mwenye adabu, aliniamkia shikamoo na kukaa anisikilize. Anatafiti kuta za udongo za nyanda hizi na mvua. Alifungua kompyuta yake akanionyesha kwa furaha waraka wa zamani alioupata kwenye majalada, ndio pekee uliobaki kuhusu ngome ile. Ukurasa mmoja. Ukuta ni imara, hauhitaji matengenezo ya kienyeji. Jina langu chini. Alisema ni bahati kubwa, takwimu za miaka ile ni adimu, na ameshautumia waraka huo kwenye andiko lake kuonyesha kwamba zamani mvua hazikuwa na madhara.

Nilimwambia ni uongo. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Akauliza kwa upole kama nina daftari, au nakala, au chochote cha maandishi. Sina. Akauliza wale wakaza wana wako wapi. Mmoja tu yu hai, na haendi tena kwenye ukuta wowote, wala hakumfundisha mtu, kwa kuwa hapakuwa na ukuta wa kumfundishia. Basi nikamwomba aandike pembeni ya sahihi yangu kwamba aliyesaini alijua. Akasema, babu, waraka wa serikali hauandikwi juu yake, na neno la mdomo haliwezi kuushinda.

Ana haki, ndivyo tulivyowafundisha. Kwa hiyo nimeandika hapa, kwa mkono wangu, na nimeweka sahihi ileile ili wailinganishe: mimi Mwaipopo, mtu wa misumari, nilijua. Neema amekwisha kuondoka na ule ukurasa.