Salamu Nilizorekodi Juu ya Sauti ya Luc

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado naona haya, ingawa sasa ni mzee mwenye cheti cha shule ya jioni, ambacho huwa nawaonyesha watu hata kabla hawajaniomba.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa Brussels. Nilikuwa msafishaji wa kituo kidogo cha redio pale mtaa wa Ixelles, vyumba vitatu tu, lakini vumbi lake lingejaza mgodi mzima wa Katanga. Fundi wa sauti alikuwa mzee wetu wa Lubumbashi, Tonton Mwamba, yaani Mjomba Mwamba, ndiye aliyenitafutia kazi hiyo. Kabatini alitunza kaseti za mahojiano ya vijana wa muziki wa panki, wale wa mwanzo kabisa, mwishoni mwa miaka ya sabini: nywele kama miba, pini mashavuni, kila swali wanalijibu kwa ubishi. Mimi niliona ni kelele.

Siku zile barua ya nyumbani ilikuwa kaseti. Unaongea, unampa msafiri, mama anasikiliza pamoja na mtaa mzima. Na kaseti iliyovunjwa kile kijipande cha juu ili isifutwe, sote tulijua dawa yake: unaziba tundu kwa karatasi, inarekodi tena. Nikachukua moja kabatini, nikaziba, nikaanza kumsalimia mama.

Jumatatu Tonton akaniuliza.

"Uliona kaseti ya Luc, mwimbaji ule? Alikufa. Dada yake anakuya vendredi kuisikiliza. Njo sauti yake moja tu inabakia."

Kaseti ilikuwa mfukoni mwangu, mwanangu. Nilikuwa nimefuta dakika tatu tu.

"Apana, tonton. Sikuiona."

Jioni ile, kwa hofu ya kukutwa nayo, nikamalizia salamu zangu haraka, shangazi mmoja baada ya mwingine, nikaipeleka Evere kwa Maman Béa, aliyekuwa anafunga mizigo ya kwenda Lubumbashi.

Ijumaa asubuhi dada yake Luc akafika. Alikaa mbele ya spika, mikono magotini, akasema amesahau kaka yake alivyokuwa akicheka. Tonton alikuwa bado anapekua kabati, shati limelowa jasho. Nami na ufagio wangu, nafagia palepale nilipokwisha kufagia. Treni ya kumpeleka Maman Béa uwanja wa ndege ingeondoka saa tano na nusu. Niliitazama saa ya ukutani mara elfu moja, na sizidishi.

Saa tano kasoro dakika kumi nikasema yote. Tonton hakunitukana. Alichukua koti.

"Tuende."

Tulimkuta Maman Béa kwenye stesheni ya Gare du Midi, amesimama karibu na mlango wa behewa, sanduku limefungwa kamba.

"Fungula, maman," nikamwomba.

"Weye uko na akili? Bantu batatu balikalia iyi valise juu ifunge."

"Béa," Tonton akasema polepole, "iko sauti ya mufu ndani."

Aliacha kubisha palepale. Akapiga magoti, akafungua kamba. Sabuni, vitenge, viatu vya watoto, vyote vikamwagika sakafuni. Firimbi ikapigwa. Kaseti ilitoka ndani ya soksi ya mtoto, na sanduku tukalisukuma ndani huku mikono ya nguo ikining'inia nje.

Redioni Tonton akaiwasha. Ikatoka sauti yangu: "Maman, njo miye mutoto yako..." Tonton akataka kuipeleka mbele. Yule dada akamzuia kwa mkono. Aliogopa kurukwa hata na neno moja. Akasikiliza shangazi zangu wote, dakika kumi na moja, nami nimesimama nikitamani sakafu ipasuke. Kisha ikakatika, Luc akaingia katikati ya sentensi, akimtania mtangazaji, akacheka. Dada akafunika mdomo.

Ilipokwisha akanigeukia, akaniuliza kwa Kifaransa: "Mwanzoni kaka yangu alisema nini?"

Nikamwambia nilifuta bila kusikiliza. Hata leo sijui alisema nini.

Mwanangu, zile dakika tatu nilizifuta kwa ujinga, na ujinga husameheka. Zile nane nilizifuta baada ya kuulizwa. Ukikosea, sema siku ileile, sauti ikitetemeka hivyo hivyo, maana kosa lililofichwa halitulii, linaendelea kula. Na usikipime kitu cha mtu kwa masikio yako peke yako. Uliza kwanza kina nani ndani yake.

Mungu akupe moyo wa kusema mapema, akupe na mzee atakayechukua koti lake akufuate. Nenda salama.