Aliyekusemea Ng'ambo ya Kagera

Mwanangu, siku babu yako, baba yangu mimi, alipovuka Mto Kagera kuja kunisemea, wewe ulikuwa mgongoni mwangu, umelala fofofo, na kesi yenyewe ilikuwa yako. Nakumbuka hata joto la shavu lako.

Baba yako alikuwa mtu wa Ankole, akafariki kabla hujatambaa. Matanga yalipokwisha, ndugu zake wakaniambia nirudi kwetu Karagwe, mtoto nimwache. Na ulikuwa bado unanyonya! Mwanamke hakusimama barazani kujisemea, basi nikamwita babu yako. Huku kwetu Nyakasimbi kila mwenye shauri zito alimtafuta yeye, maana alijua kupanga maneno.

Kule hata salamu hazijaisha akakatizwa. Wazee wakamwambia mgeni hasemi pale, hajui desturi zao, akasemee watu kwao. Nilidhani atakuja juu, namjua. Akaomba tu shauri lisogezwe hadi kesho yake, akaketi. 

Kumbe alikuwa anamfikiria Katungi, mtu wa palepale waliyechanjiana naye damu ujanani. Waligawana punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja akala iliyopakwa damu ya mwenzake, wakawa ndugu. Jioni ile Katungi akamfundisha desturi za kule, lipi husemwa na lipi haliguswi. Kesho yake wakaingia pamoja.

“Huyu ni ndugu yangu,” Katungi akawaambia wazee. “Akisema uongo, niulizeni mimi.”

Babu yako hakusema mengi. Aliahidi kwamba utaujua ukoo wa baba yako, akaomba ukae nami mpaka ukue. Wakakubali. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Baadaye, ukiwa umeshaanza kuchunga mbuzi, Katungi naye akavuka kuja huku kumsemea mfugaji wa kwao. Ng'ombe wa mtu huyo walizuiliwa na mjomba wako, kaka yangu mimi. Wazee wetu wakataka kumfukuza Katungi. Babu yako akainuka, akamdhamini mbele ya mwanawe wa kumzaa, na ng'ombe wakarudi ng'ambo. Nilimnunia wee! Siku moja akanionyesha wewe ukicheza mgombani, akaniuliza, “Ulitaka mlango ufunguke upande mmoja tu?” 

Sasa umekalishwa barazani pamoja na wazee wa kuamua mashauri, nami nafurahi kuliko ninavyoonyesha. Lakini nasikia juzi ulimrudisha mtu wa ng'ambo aliyekuja kumsemea mjane, hata hukumsikiliza. Wewe, wa kufanya hivyo! Sikugombezi, baba, nakuomba. Mwite. Mkalishe na mtu wa hapa amfundishe desturi zetu, kisha asimame naye. Akidanganya, wafukuzeni wote wawili. Akisema kweli mpe haki, hata kama anayeshindwa ni ndugu yako.

Mungu akulinde, mwanangu. Na popote utakapovuka mto ukiwa mgeni, asikose mtu wa kusimama na kusema, huyu ni ndugu yangu.